Vifua Imara vya Makambako

Mzungu aliyeletwa kupima afya zetu sisi Wabena wa Njombe hakupenda tope. Ndiyo sababu alipimia Makambako, kwenye kambi ya manamba, mahali ambapo malori yalifika na chai haikukosekana. Mimi nilikuwa karani wake: yeye alizungusha utepe kifuani, mimi niliandika.

Kila asubuhi walipangwa mbele yetu vijana waliosubiri kupelekwa mashamba ya mkonge. Siku moja kabla, daktari wa mashamba alikuwa amewakagua na kuwatoa wenye vikohozi, wenye miguu iliyovimba na waliokonda. Waliotolewa walikaa nje ya seng'enge, wakichoma viazi na kungoja lori la kuwarudisha makwao. Kaka yangu alikuwa miongoni mwao. Alikuwa anakohoa tangu mavuno.

Jumbe wetu alikuwa ameomba zahanati, na boma lilimjibu angoje matokeo ya upimaji huo. Kutoka kwetu hadi hospitali ya Njombe ni mwendo wa siku mbili.

Nilimweleza bwana kwamba hawa wamekwisha kuchujwa, na wagonjwa ni wale pale, hatua ishirini tu. Aliwatazama kama mtu anayetazama mbuzi wa jirani, akasema hawamo kwenye orodha.

Mchana kaka aliniita penye seng'enge. "Mdogo wangu," alisema, "mwulize Mzungu wako, mimi nikikohoa ninaacha kuwa Mbena?"

Wenzake wakacheka. Mmoja alinishauri niandike angalau kivuli cha kaka. Sikwenda kuuliza. Nilikuwa na mshahara, kofia na mwandiko mzuri.

Ripoti niliipiga chapa mwenyewe. Ilisema wenyeji wa nyanda hizi wana vifua imara kupita kawaida. Hakupimwa mwanamke hata mmoja, wala mtoto, wala mzee, lakini wote waligawiwa vifua imara humo humo. Jibu la boma kwa jumbe lilitoka wiki ileile: zahanati haihitajiki kwa sasa.

Mvua zilipoanza tulimbeba kaka kwa machela kwenda Njombe. Tuliteleza mno, tukapumzika mno, na hatukumfikisha hai. Wabebaji tulikuwa mimi, shemeji yangu na wazee wawili. Wenye vifua imara walikuwa mbali, wanakata mkonge.