Siku Tuliyokataa Kumsukuma Idi

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na mama yenu asisikie nimesema hivyo. Ilikuwa kiangazi, mji wetu huu wa mpakani mwa Rwanda na Kongo bado ukiitwa Cyangugu, na lami ya barabara itokayo msitu wa Nyungwe ilikuwa mpya kiasi kwamba watu waliona haya kuitemea mate. Siku hiyo mashindano ya baiskeli yalikuwa yanakuja kumalizikia Kamembe.

Nakueleza haya kwa sababu juzi nilikusikia ukigombana na mwenzako pale kituoni. Wewe mbio za baiskeli zikipita unasahau kula. Yeye anabeba abiria kwa baiskeli tangu alfajiri mpaka jua linazama, na akasema hata alipwe hawezi kusimama kuzitazama. Ukamwita mshamba. Polepole, mwanangu. Mimi nami niliwahi kumwita mtu hivyo, na mtu mwenyewe alikuwa Papa Idi.

Enzi hizo nilikuwa kijana, kazi yangu kuleta ndizi sokoni Kamembe kwa baiskeli, ambayo sisi wa huku tunaiita kinga. Jioni nilikuwa nahudhuria shule ya watu wazima, na cheti changu unakijua, kimetundikwa ukutani kimepauka kama mimi. Lakini miguu yangu ilipata cheti chake mapema zaidi, kwenye kilima cha mwisho kabla ya mji. Jina la kilima hicho hulioni kwenye ramani. Sisi wabeba mizigo tulikiita Toa Pumzi. Sitii chumvi, au natia kidogo tu kwa ajili ya ladha: mbuzi akifika chini ya kilima kile alikuwa anarudi kwanza nyumbani kuomba ushauri.

Kilima hicho kilikuwa na sheria yake. Hakuna aliyekipanda peke yake na mzigo. Ukifika chini na kinga tupu, ukamkuta mwenzako na mikungu ya ndizi, unalaza kinga yako majanini, unaweka mikono nyuma ya mzigo wake, mnapanda pamoja mpaka juu. Kisha unashuka kuchukua kinga yako. Ukimjua, ukimchukia, mkiwa mmegombana jana sokoni, haidhuru. Na aliyesukumwa hasemi asante. Anasema, "Kesho ni wewe." Maana yake kesho wewe ndiye utakayekuwa na mzigo, na mimi mkono. Wazee walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini hao wazee nadhani hawakupita Toa Pumzi. Pale mzigo wa mwenzio ulikuwa na uzito wake kamili, na mgongo wako uliujua.

Papa Idi ndiye aliyekuwa mkubwa wetu pale. Mtu mfupi, kofia ya kufuma kichwani, mapaja kama nguzo za msikiti. Kinga yake ilikuwa imebeba kila kitu isipokuwa mvua. Imebeba milango. Imebeba fahali mdogo, wanasema, ingawa wengine wanasema alikuwa mbuzi. Papa Idi aliwahi kumpeleka mama mmoja aliyeshikwa na uchungu mpaka hospitali ya Mibirizi, milima yote ile, na mtoto akazaliwa salama. Na mwanawe Idi, rafiki yangu, tulikua naye tukisukumana. Miguu ya Idi ilikuwa ya ajabu. Akapita mwalimu mmoja wa mbio za baiskeli, akamuona akilipita basi mlimani huku nyuma amefunga mikungu ya ndizi, akamchukua kumjaribu. Wakamwambia: ukimaliza mashindano haya mpaka mwisho, una nafasi katika timu. Usipomaliza, rudi kwenye ndizi zako.

Kabla hajaondoka, Idi alimwomba baba yake radhi. Baba akamnyima.

Nilimfuata Papa Idi siku moja kabla ya mbio kufika. Tulikuwa chini ya kilima, wabeba mizigo karibu wote, tunakaza kamba za mizigo.

"Papa Idi," nikamwambia, "kesho Idi wako atapita hapa kama risasi. Hutakuja kumuona?"

"Ile batu banabeba nini?" akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha mpakani, ambacho watu ni batu, hata hakuinua macho.

"Hawabebi kitu, Papa. Wanashindana."

"Ah. Banabeba matako yao. Hata mimi yangu nabebaka kila siku, na hakuna muntu anakuya kunipigia makofi."

Watu wakacheka mpaka mkungu mmoja ukaanguka. Na siyo yeye peke yake aliyekuwa na mawazo hayo, mwanangu. Mmoja akasema kinga ni punda wake, na hajawahi kuona mtu akimaliza kulima na punda halafu akaketi kumtazama punda wa jirani. Mwingine akasema akitoka kazini magoti yake hayataki hata kusikia neno baiskeli, afadhali mpira. Lakini wengine wetu, wenye mapaja yaleyale yanayouma, tuliziota mbio zile. Nilikuwa nasikiliza redio, nimekariri kanuni zake zote, nikizieleza sokoni kama mtume. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti: nani angejua utamu na uchungu wa mlima ule kama si sisi? Ndiyo maana nikapandwa na hasira.

"Papa, samahani," nikasema, "lakini wewe ni mshamba. Dunia nzima inapenda kitu, wewe unakigeuzia mgongo."

Hapo akainua macho. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Wewe munafunzi, jibu hii. Mu ile mbio, ukimukuta mwenzako amechoka mu mulima, unafanyaka nini?"

"Unampita."

"Unamupita." Akavuta kamba, akafunga fundo. "Toa Pumzi ilimufundisha mutoto wangu kusukuma batu. Sasa banamufundisha kubapita. Siku nitaona muzigo mu ile mbio, nitamupa radhi. Kama hakuna muzigo, mi sina kitu ya kuona."

Nikajifanya gurudumu langu lina shida.

Kesho yake polisi walifunga barabara asubuhi. Kila kijiji kilishuka. Maman Furaha, mfanyabiashara wa Bukavu aliyekuwa akivuka mpaka na beseni la sambaza, alisahau kuuza, na samaki wadogo wale wakakauka kichwani pake kwa jua. Papa Idi naye alinaswa chini ya kilima na mzigo wake wa ndizi, kapigwa marufuku kupanda mpaka mbio zipite. Akaegemeza kinga yake, akaketi juu ya jiwe, mgongo kwa barabara, uso kwa migomba. Watu walimtania. Yeye akawa anahesabu majani.

Kisha zikaja.

Nitakuelezaje, mwanangu? Kwanza tulisikia. Unaijua mvua ya Nyungwe inavyotembea juu ya migomba kabla haijakufikia, ule mvumo unaokufanya ukimbilie kuanua nguo? Ndivyo. Halafu rangi, zote kwa pamoja, zikapinda kona. Halafu upepo. Walitupita karibu kiasi kwamba nilisikia pumzi zao, hawazungumzi, hawatazami pembeni, na wakakivaa kilima chetu wakiwa wamekaa! Wamekaa kwenye viti vyao, mwanangu, pale tuliposhuka sote na kusukuma! Maman Furaha akasema, "Yesu wangu," polepole, kama mtu aliyeingia kanisani. Upepo wao ulimvua Papa Idi kofia yake, na hadi leo nashikilia kwamba ilitua Kongo. Yeye hakugeuka. Lakini nilimuona amesikia, maana aliacha kuhesabu.

Idi hakuwamo.

Tukangoja. Wakapita waliochelewa, mmoja mmoja. Idi hakuwamo. Mtu mmoja juu ya pikipiki akapiga kelele kwamba kijana wa Kamembe ameanguka kwenye mteremko wa msituni. Nikatazama mgongo wa Papa Idi. Ulikuwa umenyooka kama ubao.

Akatokea mwishoni kabisa. Kaptula imechanika, kiwiko kinatoka damu, uso umejaa vumbi na chumvi ya jasho. Nyuma yake mwamuzi juu ya pikipiki, na nyuma ya mwamuzi lori la kukusanya walioshindwa, mlango wake wazi. Aliyekuwa mle ndani alikuwa akimwita kwa upole, na upole ule ulikuwa mbaya kuliko tusi: "Panda, kijana. Inatosha. Panda."

Idi akaanza Toa Pumzi. Akasimama juu ya pedali. Kinga ikayumba kushoto, ikayumba kulia. Ikakaribia kusimama.

Sasa sikiliza kosa ambalo duniani kote tungelifanya sisi tu. Wabeba mizigo wote tuliruka. Hatukupanga, hatukuulizana. Mwenzetu yuko Toa Pumzi na amechoka, basi mikono ikatangulia mbele ya akili. Na mimi mbele yao, mimi niliyezikariri kanuni! Mkono wangu ulikuwa umebakiza shubiri moja kufika mgongoni kwake.

"Musiniguse!" Idi akapiga kelele, sauti imepasuka. "Batanitoa! Mukinigusa batanitoa mu mbio!"

Nilimsikia, lakini mkono haukusikia. Ndipo kitu kikanipiga kwenye kifundo cha mkono, pa! Nikageuka. Papa Idi alikuwa pale, kichwa wazi, kandambili mkononi. Alikuwa amegeuka. Alikuwa ameona.

"Toa mukono!" akaniambia. Kisha akawaambia wote, akikimbia kinyumenyume mbele yetu na mikono ametandaza kama mtu anayezuia ng'ombe: "Hapana kumugusa! Nyote, hapana kumugusa! Ile muzigo ni yake!"

Tukakimbia naye, mwanangu. Kushoto na kulia, wanaume wazima na wauza samaki, mikono juu hewani ili mwamuzi aone, karibu kabisa na bila kumgusa. Hakuna aliyeshangilia. Zilisikika nyayo tu, na mnyororo, na pumzi yake. Nimepandisha mizigo mingi kwenye kilima kile, lakini hakuna uliokuwa mzito kama kutomsukuma Idi. Mikono iliniuma kwa kukaa bure. Nilitazama magoti yake yakipanda na kushuka, nikaona kitu ambacho redio haikuwahi kuniambia: mtu amebeba mwili wake wote, na maumivu yake, na jina la nyumba yake, na sisi sote, na hana hata kamba ya kufungia. Baba yake alikuwa pembeni ya gurudumu, pekupeku mguu mmoja, midomo inatembea. Sijui alikuwa anamhesabia au anamwombea.

Pale juu, barabara ilipolala, Idi akakaa kitini, akainua kichwa. Lori lile likafunga mlango wake. Nilisikia ukifungwa, ko, na hadi leo sijasikia ngoma iliyonipendeza zaidi.

Akavuka mstari wa mwisho, wa mwisho wa wote, akiwa bado ndani ya muda uliowekwa. Tulipomfikia alikuwa amelala chini, anatazama mbingu. Papa Idi akapiga goti, akampangusa vumbi usoni kwa kanzu yake.

"Nimeona muzigo," akasema. "Radhi yangu unayo. Ulikuwa nayo tangu kule chini."

Na Idi, pumzi bado haijarudi, akatutazama mmoja mmoja, sisi ambao hatukumgusa hata kwa kidole, akatamka maneno ya kilima: "Kesho ni nyinyi."

Mimi ni mcheshi, unanijua, lakini hapo nilikwenda nyuma ya migomba kujifanya natafuta kofia.

Unafikiri tangu siku hiyo Papa Idi akawa shabiki? Wapi! Mwaka uliofuata mbio zilipita, naye yuko njiani na ndizi zake. Nikamuuliza, akajibu, "Nilishaona. Muntu akishaonyeshwa mbingu mara moja, anaomba tena ya nini? Shika hapa nyuma, sukuma." Nikashika, nikasukuma, na sikumwita mshamba tena.

Basi nasaha yangu ni hii. Zipende mbio zako, mwanangu, ushangae mpaka mdomo ubaki wazi, kwani mtu aliyepoteza mshangao amezeeka kabla yangu. Lakini yule asiyezitazama usimdharau. Pengine mlima anaujua sana kiasi kwamba hahitaji kuonyeshwa, au pengine anaogopa kitu ambacho hujamuuliza. Muulize. Na ujue kwamba mizigo si ya namna moja. Mingi ni ya kusukumana, na hapo usingoje kuitwa, weka mkono. Ila kuna ule mmoja ambao mwenyewe lazima aupandishe, mtihani wake, toba yake, uchungu wake wa kuzaa, na ukiugusa kwa huruma utakuwa umemnyang'anya. Huo usimwache nao peke yake. Kimbia pembeni, mikono juu, mpaka barabara ilale.

Nenda kamtafute mwenzako wa kituoni, umwambie nimekutuma. Mungu akupe miguu ya kilima chako, akupe watu wa kuisukuma kinga yako siku ya mzigo, na siku ile ambayo hawaruhusiwi kukugusa, akupe watu haohao, wakikimbia pembeni yako. Amina.