Siku Mama Alipotaka Kulifukiza Tangi

Gari la baba mdogo lilikuwa la Kimarekani, la milango miwili, rangi ya samawati, na boneti yake ilikuwa ndefu kiasi kwamba ukikaa kwenye usukani huoni kilicho chini ya pua yake. Isiolo ya miaka ya sabini ilijua gari kama chombo cha kubebea mbuzi, sukari, mahindi na watu. Hili halikubeba kitu. Kiti chake cha nyuma hata mbuzi angekilalamikia. Lilikuwa na silinda nane na kazi moja tu, kwenda mbio. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye maoni juu ya kila jambo, na maoni yangu juu ya gari hilo yalikuwa kwamba ni upuzi mtupu. Hata hivyo likipita karibu na shule nilisimama mlangoni, chaki mkononi, mpaka mngurumo uishe.

Baba mdogo alilinunua kwa mzungu mwindaji aliyefunga kambi yake uwindaji ulipopigwa marufuku. Aliliendesha kwenye lami tu, kuelekea Nanyuki na kurudi, maana lami iliishia kwetu; ukivuka kizuizi cha polisi upande wa kaskazini ni mawe na mchanga. Kazi yenyewe yeye na baba waliifanya kwa lori lao. Babu yao, Msomali, alikuja huku na jeshi la wakoloni, akastaafu, akabaki, na kizazi chake kikashika biashara ya kusafirisha mifugo kana kwamba duniani hakuna kazi nyingine.

Mwaka mmoja wa mvua kubwa walikuwa wakitoka Merti na mzigo wa mbuzi. Baba ndiye aliyeendesha. Waliingia laga, mto wa msimu, wakidhani maji yamepungua, na maji hayakuwa yamepungua. Baba mdogo alikuwa amekaa juu ya mzigo. Walimpata kesho yake, mbali huko chini, vichakani.

Hakuna aliyemlaumu baba. Majirani walisema ni kadari, shekhe akasema ni kadari, na mjane wa marehemu, kabla hajarudi kwa watu wake, akasema vivyo hivyo na kuacha funguo za gari juu ya kabati letu. Baba peke yake ndiye aliyekataa. Aliuza lori. Hakushika tena usukani wa kitu chochote, na habari za ndugu yake hazikutoka tena kinywani mwake. Alikwenda msikitini na kurudi, na muda uliobaki alikaa chumbani kwake kwenye mkeka, uso umeelekea ukutani. Huyu ni mtu ambaye zamani ulisikia kicheko chake kabla hujaliona lori lake.

Gari nalo likakaa uani, nyuma ya jiko. Mvua zikakoma, ukame ukaja na kuondoka, lenyewe liko pale pale. Kuku walitagia kwenye kiti cha mbele. Mbuzi walitafuna sponji ya viti. Matairi yalilala chini, na mimi niliigeuza boneti kuwa mahali pa kuanikia nguo.

Asubuhi moja nilimkuta mama akizitoa nguo zangu. Mama alikuwa Mborana wa upande wa Merti, aliyekulia kati ya ng'ombe, na hajawahi kukaa nyuma ya usukani maishani mwake.

"Hii gari itoke," alisema.

"Itoke iende wapi?"

"Itoke tu. Ikitoka, baba yako atatoka."

Nilimweleza, kwa sauti ile ninayotumia darasani, kwamba huzuni ya mtu mzima haiwashwi kwa ufunguo. Akanikabidhi nguo zangu. "Wewe enda ufundishe watoto," akasema.

Alimwita fundi Mmeru aliyekuwa akitengeneza malori karibu na soko. Fundi alipoifungua boneti alivua kofia. Hata mimi nilisogea. Injini ilijaza nafasi yote, silinda nne huku na nne kule, chini ya majani na manyoya ya kuku, na pamoja na uchafu wote ule ilikuwa kitu cha kuheshimiwa.

"Mama, hii si injini," fundi akasema. "Hii ni ukoo mzima."

Ilikuwa imekwama. Fundi alichomoa plagi, akamimina oili kwenye matundu, akaiacha inywe. Alikuja kuijaribu kila alipopata nafasi, kwa nondo ndefu, mpaka siku ilipokubali kuzunguka kidogo sana, kwa mlio wa bawaba ya mlango mkuukuu. Fundi alitazama mikono yake kana kwamba si yeye aliyefanya hivyo.

Kisha vitu vikaanza kuja. Kwa watu wa mama, mtu akimalizwa na ukame, ukoo humchangia, huyu mtamba, yule mbuzi, ili aanze upya, na hakuna anayejitangaza. Sijui mama alimwambia nani. Ninachojua ni kwamba madereva waliowahi kusafiri na baba walipita mmoja mmoja, wakasema salaam aleikum mlangoni, wakaweka kitu kando ya jiko na kwenda zao. Mmoja aliweka betri ya lori. Mwingine alileta mipira ya rejeta. Matairi yalishuka kutoka juu ya basi la Nairobi na utingo akaapa hamjui aliyeyatuma. Nilikuwa nimezaliwa katika mji huo na nilidhani naujua. Kumbe sikuujua.

Likabaki tangi la petroli. Ndani lilikuwa limejaa kutu na uchafu mzito wa petroli iliyooza. Fundi alisema tutafute lingine, kisha akacheka mwenyewe, maana tungelitafuta wapi. Mama akasema, "Lete hapa."

Alitia changarawe, maji ya moto na sabuni, akaliziba, akalifunga kwa kamba mbili na kulining'iniza kwenye tawi la mgunga. Akaita majirani zake. Wakaanza kulisukasuka, huku na huku, kama wanavyosukasuka maziwa yatoe siagi, na wakaimba wimbo ule ule wa kazi hiyo. Kelele ya changarawe ndani ya bati ilisikika mpaka barabarani. Maji yalimwagwa mekundu, yakatiwa mengine, yakamwagwa, asubuhi baada ya asubuhi, mpaka yakatoka meupe. Fundi alimulika ndani kwa tochi akakuta chuma kinang'aa. Alilianika likauka, akalisuuza kwa petroli, akaimwaga, akaliacha kivulini na kwenda kula.

Sasa, kwa mama chombo kilichooshwa hakijamalizika. Kibuyu cha maziwa ukishakiosha unakifukiza, unaingiza kijinga cha mti wenye harufu nzuri ndani yake mpaka moshi ukishike vizuri. Nilikuwa nimekaa mlangoni nikisahihisha madaftari. Nilimwona akitoka jikoni na kijinga kinachofuka moshi, akielekea kwenye tangi, na sikuona ajabu yoyote. Nimemwona akifanya hivyo kwa kila chombo tangu nizaliwe.

Dirisha la chumba cha baba lilitazama uani. Nilisikia ukelele, kisha baba akatoka, miguu mitupu, bila kofia, akakimbia kama kijana. Alikinyakua kile kijinga kwa upande wenye moto na kukitupa mchangani, mbali.

"Wewe mama, unataka kufa? Hii kitu iko na petroli ndani."

"Imemwagwa yote," mama akasema.

"Imebaki hewa yake. Hewa ndiyo inalipuka." Mkono wake ulikuwa umeungua. "Nimezika mmoja. Wewe sitazika."

Mama alikaa chini pale pale. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama alifanya makusudi, akanikasirikia kweli kweli. Nani, akasema, anachezea moto karibu na jiko lake mwenyewe?

Baba aligeuka kutaka kurudi ndani, na hapo ndipo alipoliona gari. Aliona matairi mapya, boneti wazi, mipira ya rejeta. Aliugusa mpira mmoja kwa mkono mzima.

"Hii ni ya nani?"

Nilimwambia aliyeileta. Akauliza ya betri, nikamwambia. Alikuwa akiitikia kwa kichwa polepole, machozi yakimlengalenga, na hakurudi ndani mpaka alipokwenda kutia udhu wa alasiri. Kesho yake fundi alipofika alimkuta baba chini ya gari, bendeji mkononi, analiingiza tangi mahali pake.

Siku lilipowaka, sijui niielezeje. Sisi tulizoea dizeli, ile sauti ya kukohoa. Hili lilitapika moshi mweusi, likapiga mshindo mmoja uliowatawanya mbuzi wa mtaa mzima, kisha likatulia katika ngurumo nzito, ya chini, niliyoisikia kwenye nyayo kabla ya masikio. Sufuria zilitikisika jikoni. Watu walijaa uani. Nilikuwa nalia na sikuona haya.

Fundi ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Mama aliingia mbele kando yake, na mimi nikajikunja kwenye kile kiti cha nyuma. Baba alisimama nje, ameshika mlango, akiitazama mikono ya fundi. Alisimama sana. Niliona midomo yake ikitembea, nadhani ni dua.

"Waria," alimwita fundi kwa Kisomali, "toka hapo."

Tulitoka polepole kuliko punda. Wenye maduka walisimama vibarazani. Mzee mmoja aliyekuwa akitawadha aliacha birika limwagike. Tulishika lami ya kuelekea Nanyuki, nyumba zikaisha, barabara ikanyooka mbele yetu bila kitu, na baba bado alikuwa akienda mwendo wa baiskeli, shingo imekauka, vidole vimeubana usukani mpaka vikapauka. Injini ilikuwa ikinung'unika chini ya boneti ile ndefu. Nilijiambia kwamba inatosha, ametoka, tumshukuru Mungu turudi nyumbani.

"Ndugu yangu angesema niongeze," baba akasema.

Mama aliendelea kutazama mbele, akakikaza kitambaa chake cha shashi kichwani.

"Basi ongeza," akamwambia.

Baba akakanyaga.