Ngazi Iliyozeeshwa Xintang

Ukiwa Mchaga, watu hudhani kila urafiki wako una bei nyuma yake. Huu haukuwa na bei. Ulianzia kwenye kwaya ya misa ya Kiingereza pale Guangzhou, China, katika lile kanisa la mawe, ambako Wafilipino waliimba vizuri na sisi Waafrika tuliimba kwa nguvu. Jirani yangu kwenye benchi alikuwa Mfilipino mwembamba aliyeimba hotelini jioni kwa mshahara na kanisani Jumapili kwa Mungu. Mimi nilikuwa nanunua jinzi Xintang na blauzi Shahe, napakia kontena, na Krismasi narudi Moshi kama Mchaga yeyote mwenye akili timamu. Aliniita Ate, ambalo kwao ni dada mkubwa. Mimi nilimwita mdogo wangu.

Jumapili moja alinitolea picha za nyumba ya kwao. Aliijenga babu wa babu yake, enzi za Wahispania: chini mawe, juu mbao, na ghorofa ya juu imetokeza kidogo kama mtu anayechungulia barabarani. Madirisha yake ya kusukuma pembeni hayakuwa na vioo, yalikuwa na vipande vyembamba vya kombe za baharini vinavyopitisha mwanga wa rangi ya maziwa. Chini ya kila dirisha kulikuwa na kidirisha kingine kifupi, na watoto walikaa sakafuni wakatoa miguu nje ipigwe na upepo. Sakafu yenyewe waliing'arisha kwa kumbi la nazi: unakanyaga kumbi kwa mguu mmoja na kulisukuma huku na huku, kama unacheza dansi. Nilimwonea wivu na nikamwambia.

"Usinionee wivu, Ate. Wanataka kuiuza."

Mama yake alikuwa anaishi humo na msaidizi mmoja, macho yakizidi kufifia. Kaka zake walikuwa wamepata mnunuzi wa kuibomoa na kujenga maduka. Siku ya Watakatifu Wote ukoo mzima ungekutana makaburini kama ilivyo desturi yao, na baada ya chakula wangeamua.

"Mama atahamishiwa kwenye nyumba mpya ya kaka," alisema. "Nyumba nzuri, sikatai. Lakini atajifunzaje nyumba mpya bila macho?"

Dawa aliyoibuni ilikuwa moja: kuiweka nyumba mezani mbele yao. Miaka ile Guangzhou ilikuwa inachipua maghorofa kila wiki, na kila ofisi ya kuuzia nyumba ilikuwa na mfano mdogo wa mtaa utakaojengwa, wenye miti, taa na vijitu. Kuna mtu anayeitengeneza ile mifano. Sisi tungempelekea nyumba ambayo tayari ipo. Mdogo wangu aliamini kaka zake wakiiona nzima, paa mpaka msingi, watashindwa kuiuza.

Vipimo vilikuja kwa simu. Mpwa wake alikimbia na futi vyumbani kule kwao, huku yeye akichora mgongoni mwa karatasi za nyimbo. Kwaya nzima ikaifahamu ile nyumba. Unageuza ukurasa wa Utukufu, unakutana na jiko. Baba mmoja wa Lubumbashi, aliyekuwa anaimba besi, aliniinamia akaninong'oneza, "Maman, sasa unauzisha manyumba? Miye nipatie moja ya étage."

Nilicheka, nikamwahidi ya ghorofa, lakini zile karatasi zilinigusa. Nyumba ya bibi yangu kule mlimani ilibomolewa nikiwa shule ya bweni. Hakuna aliyeipiga picha. Nani apige picha ya nyumba ya bibi? Kilichonibaki ni mlango, uliokuwa haufunguki mpaka uusukume kwa bega.

Kwa yule mtengeneza mifano mimi ndiye niliyekuwa mdomo, kwa Kichina changu cha sokoni. Laoban, yaani bosi, kama tunavyowaita wote pale, alikuwa mtu mchangamfu asiyeishiwa sigara. Kila nilichomwambia alijibu "mei wenti", hakuna tatizo, na mfanyabiashara wa Guangzhou akisikia "mei wenti" mara tatu anajua tatizo limeshafika. Tuliporudi, nyumba ilikuwa inameremeta. Paa limenyooka, madirisha ni vioo vya buluu, nje kuna bwawa la kuogelea na gari jekundu.

"Bwawa la nini, laoban?"

"Zawadi," alisema, akijivunia. "Bila bwawa, mteja hanunui."

"Ndiyo maana hatutaki! Tunataka wasinunue."

Hiyo ilimchukua muda kuielewa. Bwawa likaondoka, gari likaondoka (nilibaki nalo, lipo Moshi mpaka leo), na vioo vikapisha karatasi iliyopakwa mafuta, iliyopitisha mwanga vilevile kama kombe. Lakini ngazi ilikuwa mpya kabisa. Mdogo wangu aliiangalia akaanza kulia. Vipandio vya kwao, alisema, vimelika katikati, na cha tatu kimelika kuliko vyote. Laoban alikataa katakata. Kuharibu kitu kizima? "Bu xing!" Haiwezekani.

Mimi kuharibu kitu kizima ndiyo kazi iliyokuwa inanilisha. Jinzi zilizochakaa ndizo zilizokuwa fasheni, na Xintang kulikuwa na mafundi wanaokaa siku nzima wakizeesha suruali mpya kwa msasa, magotini na mapajani, kama vile mtu amezivaa maisha yake yote. Tuliing'oa ngazi, nikaifunga kwenye kitambaa, nikampelekea fundi mama aliyekuwa ananizeeshea mizigo. Aliigeuzageuza, akauliza swali analouliza siku zote: "Imevaliwa miaka mingapi?"

"Mia na zaidi."

Akasema hiyo ni oda nzuri, akachukua msasa.

Mdogo wangu aliondoka na boksi mapajani, akakataa kabisa liwekwe kwenye mizigo. Aliporudi, tulikaa kwenye ngazi za kanisa akanisimulia. Mfano uliwekwa mezani, chini kwenye nyumba ileile, watu wakashangaa, watoto wakafukuzwa. Mama aliuchunguza kwa vidole: paa, madirisha, kisha akashuka taratibu mpaka kipandio cha tatu, akatabasamu. "Baba yenu alikuwa anakaa hapa kuvua viatu."

Kisha kaka mkubwa akafuta macho na kusema, "Umefanya vizuri sana. Sasa nyumba haitapotea tena. Tunaweza kuuza kwa amani."

Mdogo wangu aliniambia alitamani kuupiga ule mfano teke. Kazi yote ile, na tulikuwa tumewapa ruhusa.

Mama aliuliza, "Wote mmeipenda?"

Wakaitikia kwamba wameipenda.

"Basi hamieni humu," akasema. "Mimi nakwenda kulala kwangu."

Akainuka, akamkatalia msaidizi mkono, akapanda ngazi bila fimbo. Wote waliutazama mguu wake ukifika kipandio cha tatu na kutulia kwenye lile shimo bila kupapasa. Kaka mkubwa ndiye aliyekwenda kumwambia mnunuzi atafute kwingine.