Usiku Niliowaimbia Watu Daku kwa Upole

Jamani, nichekeni leo mmalize, maana mpaka sasa nikikatiza kichochoro chetu cha Mji wa Kale huangalia chini kama mtu aliyeangusha kishikizo.

Ramadhani iliyopita, Mzee Shee, ambaye tangu nizaliwe ndiye huwaamsha watu wa mtaa wetu wale daku, alishikwa na kiuno, akanikabidhi ngoma yake. "Ni usiku mmoja tu, mwanangu. Usiniaibishe." Nikamwambia asiwe na wasiwasi (mdomo huu!).

Sasa, siku hizo nilikuwa sisikilizi kitu ila binti mmoja wa Kijapani aimbaye jazi na bossa nova, sauti yake laini, haipandi hata kidogo, utadhani anakunong'oneza siri, na kati ya neno na neno anakuacha upumue, nami dukani nikitengeneza simu za watu nikaona huu ndio ustaarabu wenyewe. Kwani lazima mfungaji aamshwe kwa kelele? Basi ngoma nikaipapasa kwa vidole, kasida za daku nikazitoa polepole, puani kidogo, macho nimefumba. Jirani yetu Bi Rukia akafungua dirisha, akatabasamu, akafunga. Nikasema nimeweza! Nikazidi kulainisha, na mwisho wa kichochoro nikaketi barazani nimalizie ubeti mmoja tu.

Kilichoniamsha ni adhana ya alfajiri.

Ngoma mapajani, udenda unanitoka, madirisha yanafunguliwa kwa kishindo, na mtaa mzima haujaonja hata maji.

"Nani aloamsha leo?"

"Si huyu hapa, mwenyewe alele!"

Bi Rukia ndiye aliyenimaliza: "Mimi nalikusikia, mwanangu. Nikaona raha, nikarudi kulala."

Na joto la siku ile lilikuwa la kukaanga samaki. Mzee Shee alikuja akijikongoja, na njaa yake, akaichukua ngoma bila kunitazama, na hapo ndipo nilipoumia kweli.

Magharibi nikampelekea futari, nikamwomba radhi. Akala kwanza. Kisha akamwita bintiye, ambaye mtoto wake mchanga alikuwa akilia tangu adhuhuri, nikapakatishwa. "Haya, imba."

Nikaimba vilevile, kwa upole. Mtoto kimya. Kugeuka, Mzee Shee naye anakoroma mkekani, na tarawehe inakaribia.

Nimeapa sauti laini na daku sitazichanganya tena, na kiapo nilikianza palepale: nilimwinamia Mzee sikioni nikapiga ukelele mpaka mtoto akaamka.