Ezekia na Kiti cha Mgeni

Nakumbuka mwaka mmoja mvua ilikata barabara, malori yakalala hapa Tunduma mpaka madereva wakaanza kuwajua kuku wetu kwa majina. Nilikuwa kijana, nimetoka Ndalambo kutafuta kazi ya kubeba mizigo, na mizigo haikuwepo kwa sababu hakuna gari lililotembea. Utingo mmoja wa Kizambia, mtu mwenye maneno kuliko hata mimi, ndiye aliyenifundisha kuoka mkate ndani ya debe: makaa chini, makaa juu ya mfuniko, na wewe umekaa kando unanusa. Mkate wangu wa kwanza nilimpelekea mama. Akauminya kwa kidole, ukarudi juu. Akasema, "Chakula gani hiki kinakataa kubonyezwa? Kitoe hapa, nipe ugali." Mama yangu alikuwa hivyo, Bwana amlaze pema.

Usione nazunguka, mwanangu. Mkate ule ndio ulionipeleka safari.

Miaka ikapita, nimeshaoa, nauza mikate yangu karibu na mpaka, wakapita watu wa kampuni ya utalii wakiwa hawana mpishi. Wakaila mikate yangu, wakaniuliza kama ninaogopa simba. Nikasema naogopa. Mkubwa wao akacheka, akasema basi wewe hutatembea ovyo, panda gari.

Safari yenyewe ilikuwa ya matajiri. Tulikuwa tunashuka na magari, tunakatiza Zambia yote, mpaka kule kusini kabisa kwenye jangwa, ambako mchanga mwekundu umesimama kama milima ya Ileje iliyonyolewa nywele. Huko tunapokea wageni, halafu tunapanda nao pole pole. Tembo kwenye mito mikavu, simba, twiga, mpaka tunaingia nchi yetu kwenda kuwaonyesha bonde la Rukwa. Mgeni analala hemani, lakini hema lina beseni la kuogea refu kama mtumbwi. Anakunywa mvinyo kwenye glasi ya mguu mmoja. Kitambaa cha meza cheupe nilikipiga pasi ya mkaa mimi mwenyewe, katikati ya mchanga ambao hata mjusi anaupita mbio.

Lakini jangwa lina ukimya wake. Kwetu hata pakiwa kimya utasikia mtu anapasua kuni, mbuzi analalamika, mlevi anaimba nyimbo za kanisani. Kule ukigeuza shingo unaisikia inavyogeuka. Nilikuwa naongea na sufuria zangu, nakwambia kweli, na sufuria moja ya mviringo niliipenda kuliko nyingine.

Mwongozaji wetu alikuwa Ezekia, Mnyiha wa Igamba, mtoto wa mkulima wa kahawa. Wageni walimpenda. Akisema hapa alipita chui, wote wanainama kutazama. Akichekesha, wanashika matumbo. Wakishaondoka mezani, yeye anakwenda kuegemea tairi la gari, peke yake, anautazama mchanga kama anayengoja mtu atokee huko. Nikimpelekea chai inapoa mkononi.

Jioni moja nikamkalisha. "Ezekia, wewe una nini? Wageni unawapa kicheko chote, sisi unatubakizia mgongo."

Akasema, "Kaka, mama yangu alifariki tukiwa huku huku. Nilipigiwa kwenye simu ile ya kampuni. Mkubwa akaniambia nikitaka niende. Wageni walikuwa hawajaona tembo bado. Nikasema nimalize kwanza."

"Ukamaliza?"

"Nikamaliza. Wakamzika bila mimi. Tangu siku hiyo kila tukipita Mlowo, pale njia ya kwetu inapoiacha lami, nafunga macho mpaka tumepita."

Nilimwambia aende kwa baba yake. Sasa sikiliza hapa, maana wengine mmezaliwa kwenye majengo ya ghorofa, hamjui. Kwetu huku mtu aliyekosa mazishi ya mzazi haingii nyumbani kwa kishindo. Anafika kwa miguu, anachuchumaa pembeni ya uwanja, anapiga makofi ya taratibu, anangoja. Atagombezwa, tena sana. Atalia. Halafu baba mwenyewe atamshika mkono ampeleke kaburini, na wakitoka hapo yeye ni mtoto wa nyumbani kama zamani. Hakuna zaidi ya hapo. Lakini kile kipande cha kuchuchumaa ni kirefu, mwanangu, kwa mtu aliyezoea kusimama mbele za watu akionyesha kwa fimbo.

Ezekia akatafuta njia ya mkato. Wageni wetu wa safari ile walikuwa wameomba kusimama Mbozi kuona kimondo, lile jiwe la chuma lililotoka angani. Akawaambia kwamba si mbali na pale kuna nyumba ya mkulima halisi, watakunywa kahawa shambani. Wakapiga makofi.

"Unawapeleka kwa baba yako?" nikamuuliza.

"Nitaingia nao. Mbele ya wageni mzee hatasema neno."

"Hatasema neno," nikamwambia. "Hicho ndicho kinachonitisha mimi."

"Kaka, wewe kaa na mikate yako."

Nikakaa na mikate yangu.

Tulifika Igamba na magari yetu, vumbi likaingia mpaka kwenye mibuni. Mzee akatoka shambani, mwembamba, suruali imekunjwa magotini. Nikamwona anavyomtazama mwanawe akishuka. Uso wake ulifunguka kidogo, kama mlango unaposukumwa na upepo. Alikuwa anangoja, mwanangu. Ningeapa kanisani kwamba yule mzee alikuwa anangoja mtoto wake achuchumae tu, hata kidogo, hata goti moja.

Ezekia hakuvua hata kofia. Akasimama katikati ya uwanja na fimbo yake, akaanza Kiingereza: hiki ni kihenge cha mahindi, hii ni mibuni, huyu ni baba yangu. Wageni wakapiga picha.

Mzee akainama, akawapigia makofi ya salamu, mmoja mmoja. Akaagiza viti. Vikaja vya ndani, vikaja na vya jirani. Cha mwisho akakipokea mwenyewe, akakifuta vumbi kwa kiganja, akakiweka mbele ya Ezekia.

"Karibu, mgeni."

"Baba, ni mimi. Ezekia."

"Nakuona. Karibu, mgeni. Umetoka mbali, keti."

Mama mmoja wa Kizungu, mpole, akataka kujua mzee amesema nini.

"Anasema karibu nyumbani," Ezekia akatafsiri.

Akaketi. Kile kiti kilikuwa kizuri, chenye mto, na nilimwona ameketi kwenye ukingo wake kama kina moto. Shemeji yake akaja na maji ya kunawa, akampigia magoti kama alivyowapigia wageni, hakumtania wala kumuuliza habari za wake wa Kizambia. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jiko. Mzee akaniona.

"Na wewe mpishi, mbona umesimama kama nguzo ya simu? Watu wanataka kula. Kalete kuni nyuma ya nyumba!"

Nikakimbia. Nilipopita karibu na Ezekia alikuwa anatazama mikono yangu inavyokwenda kwenye kuni, na kabla ya siku ile sikuwa nimewahi kuona mtu akimwonea wivu mwenzake kwa kugombezwa.

Basi tukala. Ugali, maharage, kuku. Wageni wakasifu. Kisha yule mama mpole akaona msalaba wa saruji pembeni ya migomba, maua ya plastiki yamepauka kwa jua. Akauliza kwa sauti ya chini. Kiingereza changu ni cha jikoni, lakini hilo nililielewa.

Mzee akauliza, "Anataka kujua nini?"

"Anauliza kaburi ni la nani."

"Si wewe unayewaeleza mambo? Mwambie."

Nikifika hapa huwa napumzika kidogo. Wacha niseme langu kabla sijasahau, maana uzee nao unakatiza maneno.

Mwanangu, unayeondoka kesho kwenda kuongoza watu, kuendesha lori mpaka baharini, kusoma, kuolewa mbali: nyumbani usiingie na watu mbele yako kama ngao. Ukiwa umekosa, nenda peke yako, kwa miguu, bila kofia. Acha ugombezwe. Anayekugombeza bado anakuhesabu kuwa wake. Siku watakayokufutia kiti na kukusemesha kwa adabu, hapo ujue umechelewa, lakini hata hapo chuchumaa, usione haya, hata wageni wote wa dunia wawe wanatazama. Na ukiletewa habari ya msiba wa kwenu, usiseme nimalize kwanza. Tembo watakuwepo. Na nyie wazazi mnaonisikia, msiniache nikasema na watoto peke yao: mzee yule naye angeweza kumwita mapema.

Mungu akutangulie kwenye mchanga na kwenye lami. Akupe watu wa kukutuma kuni. Mikono yako isikose wa kuishika, na ukifika nyumbani ukute sauti inayopaza jina lako kwa hasira na kwa furaha. Amina.

Ezekia hakumwambia yule mama. Aliinuka, akaiweka fimbo juu ya kiti, akapita kati ya wageni akiwaomba radhi kwa upole, kama siku zote. Wakadhani anakwenda kujisaidia. Akaingia kwenye mibuni. Mzee akasimama, akamwita kwa jina, mara ya kwanza siku ile: "Ezekia! We Ezekia!" Matawi yalitikisika kidogo alipokuwa anapita, halafu yakatulia. Tulingoja mpaka kahawa ikapoa vikombeni. Dereva akapiga honi, akapiga tena. Hakurudi kwenye gari, hakurudi Igamba, na mpaka leo hakuna aliyemwona.