Mama Alidai

Nilipomaliza darasa la saba nilifanywa karani wa kijiji chetu, huku milimani Lushoto, kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Mikutano yote niliiandika mimi.

Siku moja Bwana Shamba alipanda kutoka wilayani kutuchagulia mahali pa shamba la ujamaa. Akachagua mteremko ulio juu ya kijito. Miti ikatwe, migomba ing'olewe, tupande maharage kabla ya masika. Mama yangu akasimama. Alikuwa amelima upande ule tangu alipoolewa.

"Pale hapaachwi wazi," alisema. "Mvua ikija, udongo wote utaenda nayo."

Bwana Shamba akacheka. "Mama, kilimo ni utaalamu."

Mkutano ulipokwisha, mwenyekiti alichukua daftari langu. Nilikuwa nimeandika kwamba Bwana Shamba alisema hivi, mama alisema vile. Akakunja uso.

"Hapa weka 'Bwana Shamba alithibitisha'. Huyu mama, weka 'alidai'."

"Lakini mzee, mama anapajua."

"Ana cheti? Andika, binti."

Nikaandika. Hasira niliyo nayo mpaka leo inaanzia hapo, maana mkono ulikuwa wangu. Bwana Shamba alithibitisha nini? Hakuchimba hata tundu moja. Viatu vyake vilirudi wilayani safi. Kuthibitisha ni kuonyesha ukweli ukaonekana, na yeye alionyesha kidole tu. Aliyeonyesha ukweli kwa miaka ya jembe lake nikamwandika kama mtu anayebahatisha.

Masika yalikuja. Siku ya tatu ya mvua mteremko uliporomoka, ukafukia na migomba ya majirani bondeni. Tulisimama kwenye tope tukitazama miche ya maharage ikielea kijitoni.

Mkutano uliofuata Bwana Shamba hakuja. Ilikuja barua yake. Mwenyekiti akaniamuru: "Andika: mtaalamu amethibitisha kuwa wanakijiji walizembea."

Nikaandika: "Bwana Shamba anadai kuwa wanakijiji walizembea."

Alisoma, akachana ukurasa mbele ya watu wote, akaniambia nirudi nyumbani kwetu. Wiki iliyofuata mpwa wake ndiye aliyeshika daftari.

Nilimsimulia mama nikitegemea atanisifu. Alikuwa amejiinamia kwenye kitabu chake cha kisomo cha watu wazima, akifuata herufi kwa kidole. Akainua macho.

"Na mara ya kwanza, mimi uliniandikaje?"

"Mama alidai."

"Nilidai?" Sauti yake ilipanda. "Nilimwomba mtu kitu? Nilisema ninachokijua!"

"Mwenyekiti ndiye aliyesema niandike."

"Mwenyekiti hakukuzaa."

Akafunga kitabu, akachukua jembe, akateremka bondeni kufukua migomba ya majirani. Nikamfuata na jembe langu. Tulifukua siku mbili nzima, bega kwa bega, na hakunisemesha hata neno moja.