Bakuli Lenye Doti Nyekundu

Tupo watu watano hapa Kibaha, rafiki yangu, tunaokutana kila Jumamosi asubuhi penye kahawa. Wenyewe tunajiita wanahistoria, ingawa hakuna mwingine aliyewahi kutuita hivyo. Ugonjwa wetu siku hizi ni yule rais wa Marekani aliyepigwa risasi karne ya kumi na tisa akitazama mchezo wa kuigiza. Tunashindana kuwajua waliokula njama. Huyu anatupa swali: nani alipangiwa kumuua makamu wa rais, akaishia kulewa? Yule anajibu na kuongeza lake: na daktari aliyemfunga muuaji mguu uliovunjika, yalimkuta yapi? Anayekosea ananunua kashata.

Jumamosi iliyopita mwalimu mstaafu, mkubwa wetu, akaleta habari ya mama mwenye nyumba ya wapangaji. Waliokula njama walikuwa wakikutana kwake, akanyongwa pamoja na wenzake, na hadi leo wasomi wanabishana kama alijua.

"Wewe unasemaje?" akaniuliza.

"Alijua, mwalimu. Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

Wakacheka, nami nikacheka. Kisha nikajisikia: nilikuwa nimesema kwa sauti ya bibi yangu, na nikakumbuka aliyasema lini maneno hayo. Niliona aibu hata kahawa sikuimaliza.

Bibi alinilea Marui, Kisarawe. Ramadhani ya huko ilinukia tangu alasiri: mbuzi za nazi zinakwaruza kila ua, muhogo unatokota, moshi unakuingia machoni ukitumwa kupuliza moto. Sisi watoto ndio tuliopeleka futari nyumba hadi nyumba, bakuli limefunikwa kawa, na ole wako uonje njiani. Kina mama walitia alama ya rangi chini ya vyombo vyao visipotee. Na bakuli la mwenzio halirudi tupu. Umeletewa magimbi, rudisha tambi. Huna kitu leo, likae kwako mpaka upate.

Jirani yetu alikuwa mjane, na alama yake ilikuwa doti nyekundu ya rangi ya kucha. Magimbi yake ya nazi yalimfanya hata bibi, mgumu wa kusifu, arambe vidole. Chumba chake cha uani alikipangisha kwa wachoma mkaa. Ramadhani moja wapangaji wale wakavunja msikiti, wakaiba betri ya kipaza sauti, wakatoweka. Adhana ikawa ya mdomo, na sisi wa mwisho wa kijiji tukawa tunafuturu kwa kukisia. Mjane hakupelekwa polisi. Watu waliacha tu kumpelekea mabakuli.

"Kawalaza, kawapikia, halafu asijue?" walisema kina mama kisimani. Bibi naye akaunga mkono kwa samaki wake aliyeoza.

Siku chache baadaye mjane akaja na bakuli, kalibeba mwenyewe.

"Shikamoo, dada. Futari hiyo, mjukuu afungulie."

"Marahaba," bibi akaitikia, macho pembeni.

Alipoondoka, bibi akarudishia mlango. Sisi tuliozoea kufuturu barazani na wenzetu tukayala magimbi yale ndani, kimyakimya. Yalikuwa matamu, Mungu atusamehe. Kisha bibi akaliosha bakuli, akaliweka juu ya kabati. Kulirudisha tupu ilikuwa fedheha, na kulirudisha limejaa ni kuonekana na kijiji kizima. Basi likakaa. Jioni mjane alikuwa akitokea uani kwake, anatazama kwetu, anarudi ndani. Hakulidai, maana kudai bakuli ni kudai chakula. Kabla ya Iddi akahama, na hakuna aliyemsaidia kubeba hata mkeka. Mimi nilichungulia dirishani tu, naye ndiye aliyenibeba mgongoni nilipougua surua.

Juzi nikaenda Marui. Nyumba ya bibi, Mungu amrehemu, imefungwa siku nyingi. Adhana sasa inafika hadi mashambani, nazi ni za pakiti, na Ramadhani ikifika kila mtu anafuturu sebuleni kwake mbele ya televisheni. Watoto wenye mabakuli sikuwaulizia. Kiwanja cha mjane kimepandwa mihogo. Nikauliza alikohamia, mzee mmoja akasema labda Soga, mwingine akasema alishafariki. Nikafungua nyumba ya bibi: juu ya kabati bakuli lilikuwepo, vumbi tele. Nikaligeuza, doti ile bado nyekundu, nikarudi nalo Kibaha.

Mwalimu akiniuliza tena, nitamwambia sijui. Yule mama wa Marekani angalau aliulizwa. Wetu alikaa ukuta kwa ukuta nasi, tukala magimbi yake, na hakuna aliyemuuliza.

Jana nilipika magimbi ya nazi, nikalijaza bakuli, nikalifunika. Nilisimama nalo mlangoni mpaka likapoa, sina nyumba ya kulipeleka.